Umande wa Nagahama

Saa kumi na mbili asubuhi, Jumamosi ya Novemba, nilifunua pazia nikakuta mji haupo. Ukungu ulikuwa umeumeza Ozu wote. Hata mti wa matunda ya kaki ulio hatua tano tu kutoka dirishani sikuuona.

Huu ni mwaka wangu wa pili nafundisha Kiingereza katika shule za mkoa wa Ehime, kisiwani Shikoku, Japani, na safari zangu nzuri zote za huku zimeanza hivyo hivyo: nimeona kitu dirishani, nimevaa viatu, nimetoka. Bibi jirani yangu, aliyekwisha kuvuka miaka 80, alikuwa amenidokeza tangu Oktoba kwamba ukungu ukifunga namna hii baada ya siku ya jua, nisikae ndani, niteremke Nagahama, mto unakoingia baharini. Nilimkuta anafagia majani mbele ya mlango wake.

“Bibi, ndiyo leo?”

“Ndiyo leo. Kimbia, mwalimu, treni haitakungoja.”

Nikakimbia. Treni yenyewe ni behewa moja la dizeli, na dereva aliyevaa glavu nyeupe ndiye huyo huyo anayepokea nauli. Reli inafuata mto Hijikawa kuelekea baharini, lakini asubuhi ile mto nilikuwa nausadiki tu. Kioo kilikuwa cheupe mwanzo hadi mwisho.

Mji wa Ozu umekaa kama ndani ya bakuli, umezungukwa na milima. Usiku ukiwa mtulivu, hewa baridi hutuama humo na ukungu ukajikusanya. Baharini kunabaki na joto kidogo, basi alfajiri ile hewa nzito hutafuta pa kutokea, na mlango ni mmoja tu: bonde jembamba la mto. Inasukumana humo na ukungu wake wote mpaka Nagahama. Wenyeji wanauita Hijikawa Arashi, na arashi kwao ni dhoruba. Huonekana tangu Oktoba hadi Machi, si kila siku.

Kutoka stesheni nilitembea hadi daraja jekundu la mwaka 1935, lile ambalo sehemu yake ya kati hunyanyuliwa kupisha vyombo, na mpaka leo linafanya kazi. Nilisikia kabla ya kuona. Upepo ulikuwa unavuma kwenye vyuma vya daraja kwa sauti nzito, ya chini, isiyokatika. Kisha nikauona ukungu wenyewe unapita. Unapita kweli, kwa mwendo wa mtu anayekimbia. Unapiga nguzo, unagawanyika, unaungana tena upande wa pili. Wanafunzi wawili walivuka kwa baiskeli, vichwa vimeinama, na kabla hawajafika katikati walikuwa wamepotea. Vidole vyangu vilikufa ganzi kwenye vyuma vya ukingo wa daraja lakini sikuweza kuondoka. Kule mbele, ukungu ulipotoka mdomoni mwa mto, ulitandaa juu ya bahari, na jua lilipochomoza nyuma yangu ule weupe wote ukageuka rangi ya chungwa.

Nimekulia Muheza. Ukungu ninaoujua mimi ni wa Amani, unaolalia misitu ya Usambara mpaka jua liuondoe. Huu wa Hijikawa unasafiri. Nilisimama pale nikitafuta jina lake, kwa sababu dhoruba haikunitosha. Dhoruba hubomoa, na hiki hakikubomoa chochote. Ndipo nikamkumbuka babu yangu mzaa mama, mvuvi wa Tanga, aliyekuwa akitweka tanga alfajiri kwa upepo ule wa baridi unaotoka bara kwenda baharini. Yeye aliuita umande. Shuleni tulifundishwa kwamba umande ni matone kwenye majani, na mimi nikadhani babu anachanganya maneno. Hakuchanganya. Nilikuwa nimesimama ndani ya umande wake, ila huu wa kuonekana kwa macho.

Kukawia huko kulinigharimu treni, na iliyofuata ilikuwa baada ya saa mbili na zaidi. Sikujali. Nilipanda kilima nikapita katikati ya matuta ya mikan, machungwa madogo ambayo Ehime inajulikana kwayo Japani nzima. Pembeni mwa njia palikuwa na kibanda kisicho na muuzaji: mifuko ya mikan, kopo la fedha, bei yeni 100. Nikatumbukiza sarafu mbili, nikachukua mifuko miwili. Mtu wa Muheza huwezi kumpitisha kwenye machungwa hivi hivi. Yetu huiva ganda likiwa bado kijani na yanataka kisu. Haya unamenya kwa kidole gumba, hayana kokwa, na yana utamu mkali unaokufumbua macho. Nilikula sita nikiwa nimekaa ukingoni mwa tuta, bahari ya ndani ya Seto chini yangu imetulia kama haijui kilichotokea asubuhi.

Mchana nilishuka Shimonada, stesheni isiyo na mhudumu, yenye benchi zinazotazama maji. Tangu njia ya mkato ya Uchiko ifunguliwe mwaka 1986, treni za haraka ziliihama pwani hii, na ninaamini ndiyo maana bado inapendeza. Watu kadhaa walikuwa wakipiga picha. Mimi nilikaa tu.

Jioni nilimpelekea Bibi mfuko mmoja. Alinishukuru kwa mikono miwili, akaingia ndani, akarudi na ndoo nzima ya mikan za shamba la mdogo wake. Kisha akaniuliza kama kwetu upo upepo wa namna ile.

“Upo, Bibi. Unaitwa umande.”

“U-ma-n-de,” akasema, sawasawa kabisa, mara ya kwanza tu.