Gyoza za Obaachan, na yule mama wa Manchuria

Jana jioni niko jikoni nasukuma manda za gyoza, vile vya Kijapani kama visambusa vya nyama na kabichi, tangawizi na mafuta ya ufuta vimeshajaa nyumba nzima, yule wangu wa mwisho kaja kukaa juu ya ndoo yake ananiangalia, mara akaniuliza, mama, we ulifundishwa na nani? Nikamwambia Obaachan (ndiyo "bibi" kwa Kijapani), yule bibi wa mji wa Utsunomiya, kule Japani. Akasema haya, na yeye alifundishwa na nani?

Nilimjibu juujuu tu, nikamwambia nitakusimulia ukikua. Lakini usiku sikupata usingizi vizuri, nikawa nairudia ile siku, mwezi wa pili 2012, baridi ya Tochigi, mkoa wenye mji wa Utsunomiya, ile kavu inayopasua midomo, mimi na Obaachan peke yetu nyumbani, binti yake yuko kazini.

Kipindi kile mjini habari ilikuwa moja. Takwimu za matumizi ya kaya za 2011 zilikuwa zimetoka, mji mwingine, Hamamatsu, wameipita Utsunomiya kwa kununua gyoza, na Utsunomiya ilikuwa imeshika namba moja miaka 15 mfululizo. Mtu wa mbali anaweza kuona ni kitu kidogo, lakini huu ni mji ambao ukishuka tu stesheni unakuta sanamu ya gyoza imechongwa kwa jiwe la Oya, jiwe la huko huko. Obaachan TV inaongea, yeye anakatakata kabichi, akasema hao wanahesabu za kununua dukani, za mgahawani hawahesabu, na hizi za jikoni kwangu hajawahi kuja mtu kuzihesabu.

Kuku alikuwa wa halali, alimfuata mwenyewe kwa basi na miguu yake ile inayomsumbua. Kikaango alininunulia kipya kwa sababu cha zamani kimepika nguruwe miaka na miaka. Sikumwomba. Hata sake, ile pombe ya mchele, anayotiaga kwenye nyama siku hiyo hakuitia, na mimi wala sikuwa nimefikiria habari ya sake, yeye ndiye alienda kuuliza watu. Kila nikikumbuka hilo moyo unanijaa.

Habari ya kuchanganya siisemi sana, kabichi unaitia chumvi unaikamua mpaka maji yaishe, nyama ya kusaga na kitunguu swaumu, tangawizi, soya sosi, mafuta ya ufuta, majani ya nira, yenye harufu ya kitunguu swaumu (huku natumia majani ya vitunguu), unakanda kwa mkono mpaka inanata. Kule kabichi inakuwa nyingi kuliko nyama.

Ila kukunja ndiko hasa. Unalaza manda kwenye kiganja cha kushoto, nyama katikati, kama kijiko cha chai tu, unachovya kidole kwenye maji unapitisha ukingoni nusu duara, unaikunja, halafu unapiga marinda upande mmoja peke yake kama sketi ya shule, upande wa pili unabaki laini. Ndiyo maana ikimalizika inajipinda yenyewe na kukaa wima kwenye kikaango. Obaachan alikuwa hatazami mikono yake hata kidogo. Nikamuuliza, Obaachan, ulijifunza wapi kufanya haraka hivi?

Akapiga rinda moja, la pili, akasimama. Gyoza imebaki mdomo wazi kwenye kiganja chake.

Akasema, Manchuria. Ni kule kaskazini mashariki mwa China, Japani ilikuwa imeikalia mpaka 1945.

Mimi nilijua stori ile inayosimuliwa mjini, kwamba Divisheni ya 14 ya jeshi ilikuwa na makao Utsunomiya, askari wakapelekwa China, waliporudi ndio wakaja na gyoza. Nikamtajia. Akaniambia, "Wanasema ni askari, inawezekana. Mimi sikuwa askari, nilikuwa na miaka tisa."

Akaanza kuongea taratibu, bila kuniangalia, na mimi sikuthubutu kukunja nyingine nikaogopa atanyamaza. Kwamba Agosti 1945 jeshi la Kisovieti liliingia, baba yake akachukuliwa, hakumwona tena. Kwamba ilipofika baridi walikuwa chumba kimoja na familia nyingine, yeye, mama yake, na mdogo wake wa kiume ambaye hakuuvuka ule msimu. Jina la mdogo wake alilitaja mara moja, kwa sauti ya chini kabisa, akanyamaza muda mrefu, jiko la mafuta ya taa linaunguruma pale pembeni.

Halafu akasema nyuma ya nyumba alikuwepo mama mmoja Mchina. Siku moja yule mama akamwita mama yake aende kumsaidia kusukuma manda, na malipo yalikuwa bakuli la gyoza za kuchemsha, ndani kabichi ya Kichina tupu, nyama hakuna, na yeye Obaachan akakalishwa pamoja na watoto wa yule mama, akaonyeshwa kukunja. Waliendelea kwenda hivyo mpaka 1946 walipopata meli pale bandari ya Huludao kurudi Japani.

"Nchi ilikuwa yao," akaniambia. "Sisi ndio tulioichukua. Shuleni tulifundishwa kuwaita Wachina majina mabaya, na mimi niliyasema, nayakumbuka mpaka leo. Sasa yule mama alitupa chakula kwa nini? Nimejiuliza maisha yangu yote. Na jina lake silijui."

Akamalizia yale marinda, akaiweka kwenye sinia, akachukua manda nyingine.

Baadaye mlango ukafunguka binti yake kaingia, na Obaachan papo hapo akawa mtu mwingine, anaunguza mafuta, anapanga gyoza kwa mistari, anamwaga maji yenye unga kidogo, anafunika, maji yakikauka anafunua, anageuzia kwenye sahani zinatoka na ukoko mwembamba mmoja umezishika zote, tunachovya kwenye siki na soya sosi, tunazungumzia Hamamatsu. China haikutajwa tena, siku ile wala siku nyingine yoyote.

Obaachan ameshafariki. Mwaka jana binti yake aliniandikia, tulikuwa tunasalimiana tu kawaida, mara akaniuliza hivi mama aliwahi kukusimulia chochote kuhusu utoto wake? Kwa sababu sisi alikuwa akikataa, anasema ameshasahau.

Nikamwandikia habari za yule mama Mchina, za kusukuma manda na bakuli la gyoza. Alinishukuru sana. Ya yule mdogo wake sikuyaandika. Ni mjomba wake huyo, damu yake, ana haki ya kujua kuliko mimi, hilo naliona wazi. Lakini mtu aliyekaa kimya kwa mwanae miaka yote hiyo akaja kumtajia mgeni jina hilo mara moja tu, sijui alitaka nilipeleke au alitaka tu litoke. Ujumbe wake ninao kwenye simu, nimeanza kuandika nikafuta, nikaanza tena. Mume wangu anasema mwambie. Mama yangu anasema siri ya marehemu huzikwa naye. Nyie mngefanyaje?