Kidumu chenye harufu

Leo ni siku ya 3 ya mfungo wangu. Namwomba Mungu upako mpya, yaani anijaze upya Roho wake.

Mchana nilipita soko la Majengo kununua mafuta ya alizeti. Mama muuzaji akafungua kidumu changu, akanusa, akanirudishia.

"Mwanangu, hiki kilikuwa na mafuta ya taa. Nikimimina humu nitayaharibu."

Nilisimama pale na kidumu mkononi, upepo wa Dodoma ukinipiga vumbi.

Katika Biblia, mafuta ya yule mjane aliyeambiwa na nabii Elisha ayamimine katika vyombo vitupu yalikoma vyombo vilipokwisha (2 Wafalme 4:6). Siku zote nimewaza wingi wa vyombo. Usafi wavyo, kamwe.

Kuna dada yangu tumenuniana tangu Pasaka. Nimempigia kabla sijafungua.

Hajapokea. Nitapiga tena.

Wapendwa, niombeeni. Nanyi mnajiandaaje?