Nusu ndoo ya maji

Juzi kwenye nyumba ninayojenga tulimwaga linta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha, na nikasimama pale kwenye mchanganyiko toka asubuhi mpaka saa tisa, kila fundi akinyanyua ndoo mara ya pili namwambia hapana kaka, inatosha, chapa na chepe itakubali tu. Binti yangu alikua amekaa kwenye tofali anasikia yote. Sasa jana jioni nimempa kopo la maziwa nililolitoboa chini kwa msumari, nikamwambia mwaga maji juu ya zege, mwaga tena, lowanisha mpaka yachuruzike, na akamwaga kweli mpaka gauni lote likalowa, halafu akasimama akaniuliza, "Mama, juzi ulimkatalia fundi asiweke maji, leo unasema nimwage mengi. Maji ni mabaya au mazuri?"

Nikakaa kwenye lile rundo la mbao za fomu. Ile harufu ya saruji iliyolowana jua likiwa limeipiga kutwa nzima, mi hua inanirudisha sehemu moja tu, Dodoma, mwaka 2014, PT ya mwaka wa pili, yale mafunzo ya vitendo ya chuo cha uinjinia.

Tulikua wiki nane saiti, jengo la ghorofa tatu la mtu binafsi, na mimi ndo nilikua mwanachuo peke yangu pale maana wenzangu walipata nafasi Dar na Mwanza. Mnajua Dodoma mwezi wa nane. Upepo unaanza saa nne asubuhi na haukati, vumbi jekundu mpaka kwenye meno, hewa kavu kiasi kwamba ukifua shati saa tatu saa tano unalivaa. Mazingira magumu kabisa kwa zege, linapoteza maji kabla hata hujalifikisha linakoenda.

Chuoni tulikua tumefundishwa vizuri na nasema hivi kwa moyo wote, walimu wetu walituchosha na hesabu lakini mambo ya zege walituingizia mpaka kwenye damu. Ulikua ni mwaka mmoja na miezi kadhaa tu toka lile ghorofa la mtaa wa Indira Gandhi pale Dar lianguke, Machi 29, 2013, Ijumaa Kuu, watu 36 wakafa. Mwalimu wetu wa maada za ujenzi aliingia darasani baada ya Pasaka, akaandika ile 36 ubaoni, hakuandika kingine, akaanza somo la uwiano wa maji na saruji. Mpaka kipindi kinaisha hakuna aliyeifuta ile namba.

Kwa hiyo nilikua najua. Hicho ndo kitu kinachoniuma, nilikua najua. Najua mfuko wa saruji wa kilo 50 unahitaji kama robo ya uzito wake tu ya maji ili ishikane, yaani lita kumi na mbili kumi na tatu hivi, na hayo mengine tunayoongeza mpaka kufika lita 25 ni ya kulainisha zege lichanganyike, libebeke, liingie kwenye fomu. Ukizidisha hapo, yale maji ya ziada hayana kazi, yanakaa katikati ya kokoto na mchanga yanasubiri, zege likishakua gumu yanatoka zake yanaacha vitundu, vitundu vidogo vidogo ambavyo jicho halivioni, na nguzo inabaki inapendeza kwa nje ndani imejaa hewa. Duff Abrams aliliandika hilo huko Chicago tangu mwaka 1918. Nililijibu kwenye mtihani nikapata alama zote.

Kazi yangu saiti ilikua kupima slampu, yaani ulaini wa zege bichi, na kutengeneza kyubu, yale matofali madogo ya zege ya kwenda kuvunjwa maabara kupima nguvu. Ile koni ya bati ya milimita 300, tabaka tatu, kila tabaka unachoma na fimbo ya chuma mara 25, unainua taratibu, unapima zege limeshuka kiasi gani. Naipenda ile kazi mpaka leo. Na msimamizi wa mikseri alikua mzee mmoja tulimwita Babu saiti nzima, hata foremani alimwita Babu, mtu wa maneno machache, kila asubuhi nikimwambia shikamoo Babu anajibu marahaba mjukuu wangu, chai umekunywa? Kama sijanywa anamega chapati yake.

Siku yenyewe ilikua Alhamisi, tunamwaga nguzo za ghorofa ya kwanza. Zege la daraja la 25, yaani siku ya 28 libebe nyutoni 25 kwa kila milimita mraba, mikseri ndogo ya mfuko mmoja, maboksi ya vipimo, kila kitu sawa. Slampu ya kwanza nikapata milimita 75, nikaandika. Injinia wa saiti akaangalia akasema vizuri, endelea hivyo hivyo, akapigiwa simu kuhusu lori la nondo lililokwama njiani, akawasha gari akaondoka. Nguzo tatu zikaenda bila shida. Saa sita hivi poka ikazimika, ile mashine ya kutetemeshea zege, wakavuta kamba wee, wakabadilisha plagi, ikagoma. Ikabidi wachome zege kwa nondo ya mkono, sasa nguzo ile nondo zake zilikua zimebanana na ringi zimekaa karibu karibu, zege zito halishuki, linakaa juu kama ugali. Vijana wanaobeba makarai wameanza kunung'unika, jua linachoma, upepo ndo huo, na zege lililoko kwenye mikseri linazidi kukaza.

Kijana mmoja akapiga kelele kutoka juu ya jukwaa, "Ongezeni maji huku, hili haliingii!"

Babu akashika ndoo. Ilikua ndoo ya rangi ya lita ishirini, ile nyeupe, imechanika mdomo upande mmoja, ina maji nusu. Hakumwaga. Aliishikilia palepale kwenye mdomo wa mikseri, mikseri inazunguka, akageuka akanitazama mimi. Nakumbuka maji yalikua yanatikisika ndani ya ndoo na kuna majani mawili ya mti yanaelea. Nakumbuka mkono wake, vidole vimekauka vimepasuka kwa saruji, vyeupe kama vimepakwa unga. Akaniuliza kwa sauti ya kawaida tu, tena kwa heshima, "Injinia, tuongeze?"

Hakuna mtu aliyekua ameniita hivyo kabla. Nyumbani waliniita kwa utani nilipopata matokeo ya form six lakini ule ni utani wa nyumbani. Huyu mzee amemwaga zege kabla mimi sijazaliwa, na vijana kumi na wote wamenyamaza wanasubiri neno langu, na mikseri inazunguka. Kifuani nilisikia kitu kimefunguka, furaha, nasema ukweli, ilikua furaha. Na chini ya ile furaha nilijua jibu ni hapana. Jibu lilikua zimeni, tengenezeni poka kwanza, au tupige simu tuazime poka nyingine, zege hili kama limekaa sana tulitupe. Lakini kusema hapana pale ilikua ni kusema hapana kwa watu waliochoka, wenye njaa, wanaolipwa kwa siku, na mi ni binti wa miaka 21 nimevaa helmeti jipya. Na kusema ndiyo ilikua ni kubaki Injinia.

Nikaitikia kwa kichwa. Hata mdomo sikufungua.

Ile nusu ndoo ikaingia. Sauti yake naweza kuwaelezea hata sasa, zege linabadilika mlio, lilikua linagonga kokoto kwa kokoto mara likaanza kulia kama uji. Vijana juu wakashangilia. Na ukishasema ndiyo mara moja hawakuulizi tena, mifuko iliyofuata ikapata nusu ndoo yake, na nguzo mbili zikajaa haraka haraka, saa nane tumemaliza.

Kitu kimoja nilifanya sawa siku hiyo. Nilitengeneza kyubu sita kutoka kwenye lile zege lililoongezwa maji. Sikupima slampu maana nilijua lingemwagika chini lote, lakini moldi nilizipaka oili nikajaza zege lile lile, nikaandika tarehe na namba ya nguzo. Sijui kwa nini. Pengine kuna sehemu yangu ilitaka kukamatwa.

Siku ya saba tukazipeleka maabara kuvunja tatu. Kyubu ya milimita 150 kwa daraja lile, siku saba tulitegemea karibu thuluthi mbili ya nguvu, yaani mashine ifike kama kilonyutoni 375. Ya kwanza ikapasuka kwenye 251. Nikasema labda imekaa vibaya. Ya pili 238. Ya tatu 244. Fundi sanifu wa maabara akapiga hesabu kwenye karatasi, nyutoni 11.2 kwa milimita mraba, nyingine 10.6, nyingine 10.8, akaisukuma karatasi upande wa injinia wa saiti bila kusema kitu. Zilivyovunjika ndani zilikua na rangi ya majivu, kokoto zimechomoka nzima nzima kama karanga kwenye kashata iliyoharibika.

Kesho yake asubuhi mwenye kampuni akaja mwenyewe. Akatupanga wote pale kwenye mchanga akauliza swali moja, nani aliongeza maji?

Mi nilikua nimesimama mstari wa mbele. Nilikua nimeshavuta pumzi kabisa. Babu akasema, "Ni mimi. Poka ilikufa, nikaongeza kwa akili yangu."

Hakunitazama. Ningependa kusema alinitazama, au alinikonyeza, au alinipa ishara yoyote, hapana, alikua anatazama zile nguzo. Na ile pumzi niliyokua nimeivuta ikatoka hivyo hivyo bila neno. Akaambiwa achukue malipo ya siku zake aondoke. Akaenda stoo, akachukua chepe lake na buti zake akazifunga kwenye mfuko mtupu wa saruji, akapita mbele yangu akasema, "Mjukuu wangu, chai umekunywa?" Nikasema nimekunywa. Nilikua sijanywa.

Yaliyobaki yalienda haraka. Kyubu za siku 28 hazikufika hata 17 badala ya 25, mhandisi mshauri akaandika barua, nguzo mbili zikabomolewa kwa nyundo siku mbili nzima, vijana wale wale walioshangilia ndo walizivunja. Usiku mmoja niliandika kwenye logbuku yangu ya PT, kwenye ukurasa wa ile Alhamisi, kwamba fundi aliuliza na mimi nilikubali. Msimamizi wangu wa chuo alipokuja kukagua aliusoma ule ukurasa muda mrefu sana, akasaini, akafungua unaofuata. Nilimweleza na injinia wa saiti pia wiki ya mwisho, akaniambia hayo yamepita, soma. Namba ya Babu niliipata kwa kijana mmoja wa makarai, nikapiga haipatikani, nikapiga miezi na miezi haipatikani.

Nikamaliza chuo, nikasajiliwa, sahivi watu wananiita Injinia kila siku mpaka sokoni. Kuna wenzangu niliowahi kuwasimulia wakasema wewe ulikua mtoto, aliyekosea ni yule aliyeondoka saiti akamwachia mwanafunzi. Inawezekana. Kuna siku nalikubali hilo, na kuna siku naona ni kweli lakini halinihusu, maana mi siulizwi kuhusu injinia aliyeondoka, naulizwa kuhusu ile pumzi.

Sasa binti yangu bado amesimama na kopo lake anasubiri jibu. Nikamwambia saruji ikiwa bado uji ukiinywesha sana inavimbiwa, inakua dhaifu, lakini ikishashikana inaanza kusikia kiu, tena kiu ya siku nyingi, jua na upepo vinaiibia maji, ndo maana tunailowanisha asubuhi na jioni mpaka wiki iishe. Akafikiri. Akauliza nani alinifundisha. Nikamwambia walimu, na babu mmoja Dodoma.

"Anajenga wapi sasa hivi huyo babu?"

Nikamwambia amalizie ule upande wa magharibi, jua la jioni linaupiga sana, unakauka haraka. Akaenda kujaza kopo.