Tarehe ya mazishi itangazwe mwisho

Mtu akishafariki, simu ya pili au ya tatu lazima iulize: "Mazishi lini?" Mwili bado uko wodini, na mfiwa hana nguvu za kubishana na mtu. Anajibu, "Labda Jumamosi." Ile "labda" inaachwa njiani, Jumamosi inaingia kwenye magrupu ya WhatsApp, watu wanaomba ruhusa kazini na kukata tiketi, na kuanzia hapo familia inaukimbiza msiba badala ya kuuongoza. Ninachosisitiza kuliko vyote ni hiki: tarehe isitajwe mpaka mambo manne yapate majibu. Mwili, karatasi, kaburi na kanisa. Anayeuliza ajibiwe, "Kamati inakaa leo jioni, mtajulishwa." Asijibiwe na watu watano, ajibiwe na msemaji mmoja wa familia.

Nauzungumzia msiba ambao familia nyingi zinaufahamu: mtu amefia Dar es Salaam, anakwenda kuzikwa Kilimanjaro, kihambani kwao, yaani kwenye shamba la ukoo. Kwa ndugu zetu Waislamu maiti huoshwa, hukafiniwa na kuzikwa haraka, mara nyingi siku hiyohiyo na kwenye makaburi ya jirani, kwa hiyo mengi ya hapa chini hayawagusi. Habari ya karatasi inamgusa kila mtu.

Kwa kifo cha hospitalini mnapewa tangazo la kifo na kibali cha mazishi. Kabla hamjaondoka pale dirishani, someni majina herufi kwa herufi huku kitambulisho cha taifa (NIDA) cha marehemu kiko mkononi. Hospitali huandika jina lililoko kwenye faili, na faili lilifunguliwa usiku na jirani aliyemfahamu marehemu kwa jina moja. Ikiandikwa "Elizabeti Josefu" wakati NIDA, benki na hati ya kiwanja vinasema "Elizabeth Joseph", mtaapa viapo vya majina mahakamani kwa miezi. Kusahihisha palepale ni dakika kumi. Piga picha kila karatasi, toa nakala, na kibali halisi akishike mtu atakayesafiri na mwili.

Kama mtu amefia nyumbani, anzeni na mwenyekiti wa serikali ya mtaa na kituo cha polisi, maana mara nyingi mochwari haitaupokea mwili bila barua. Kifo cha ajali au cha ghafla kinaweza kudai uchunguzi wa daktari, na mwili hautoki mpaka polisi waruhusu. Familia haina uwezo wa kuipanga siku hiyo. Ndiyo maana narudia habari ya tarehe.

Sasa mwili. Jokofu la mochwari hupunguza kasi ya kuharibika, haliizuii kabisa. Dar mpaka Moshi ni kilomita 560 hivi. Ukichanganya foleni ya kutokea mjini, joto la Chalinze mpaka Mombo, na vituo vya njiani, ni safari ya saa kumi au zaidi, na kesho yake mwili bado utakaa nyumbani na kanisani kwa heshima za mwisho. Mwili wa safari hiyo lazima uchomwe dawa. Wambieni wahudumu mapema, siku ileile ya kifo, kwamba mwili unasafiri, na mtaje siku ngapi. Dawa hupitishwa kwenye mishipa ya damu, na hupenya vizuri zaidi mapema, kabla damu haijaganda na kuziba. Familia inayokumbuka dawa usiku wa kuamkia safari mara nyingi huishia kufunga jeneza na kuwanyima watu kuaga. Waulizeni pia kama mipira ya dripu na ya mkojo imetolewa na vidonda vimezibwa, kwa sababu hapo ndipo majimaji hutokea barabarani. Chini ya mwili itandikwe nailoni nzito na pamba ya kutosha, hata kama jeneza ni la bei kubwa.

Nguo zipelekwe zikiwa za saizi kubwa kidogo kuliko aliyovaa marehemu. Mwili mgumu hauingii kwenye suti ya kubana, na wahudumu huilazimisha kwa kuichana mgongoni. Pete, saa na hereni zivuliwe mbele ya ndugu wawili na ziandikwe. Siku ya kutoa mwili, haohao wawili waangalie uso na kile kibandiko chenye jina. Si mmoja, wala si dereva. Miili imeshabadilishwa kwa sababu mtu aliogopa kutazama akasema "ndiye".

Jeneza msilinunue kwa macho. Ombeni mochwari urefu wa mwili, ongezeni sentimita 10 hadi 15, kwa kuwa mtu aliyelala miguu hunyooka na vidole kuelekea chini. Pimeni pia mabega. Halafu shikeni vishikio muinue jeneza palepale dukani, watu wanne. Majeneza mengi yana vishikio vya plastiki vya pambo tu, vinang'oka mlangoni mwa kanisa. Kama ni vya pambo, wabebaji waambiwe mapema washike kitako. Na kitu ambacho karibu kila kamati hukisahau: pimeni upana wa nje wa jeneza, vishikio vikiwemo, mtume kipimo hicho kwa anayesimamia kaburi.

Kwa nini? Kaburi la kujengea huchimbwa, kisha tofali hupangwa ndani. Vijana wakichimba upana wa mita 1, wakajenga tofali za inchi 6 pande zote mbili, zinaliwa sentimita 30. Inabaki nafasi ya sentimita 70. Jeneza lenye vishikio linaweza kufika hapo au kuzidi, na watu wataligundua hilo mchungaji ameshafungua kitabu, kamba ziko mikononi, watoto wa marehemu wamesimama ukingoni wanatazama jeneza la baba yao limekwama ubavu mmoja. Hakuna picha ya msiba inayoumiza kama ile, na dawa yake ni futi kamba. Chimbeni urefu wa mita 2.6 na upana wa mita 1.2, kina cha futi 6, ili ndani mbaki na mita 2.3 kwa sentimita 90.

Kuta za chumba cha jeneza zikiinuka sentimita 75, tofali 50 zinatosha, pamoja na za kuvunjika. Saruji mifuko 5 inatosha kwa kujenga, sakafu na mfuniko. Mfuniko ufanyeni vipande vinne, kila kimoja sentimita 60 kwa mita 1.1, unene wa sentimita 7, na nondo ndani. Kipande kimoja kina uzito wa zaidi ya kilo 100, wanaume wanne wanakishusha bila kuhangaika. Mfuniko mzima mmoja haubebeki. Vimwagwe siku tatu kabla au zaidi na vimwagiwe maji asubuhi na jioni. Zege ya jana usiku itapasuka mbele ya watu. Hii ni sababu nyingine ya kumwuliza fundi kabla ya kutaja siku. Mvua za masika zikiwa zimeanza, mtafute turubai la kufunika shimo na mfereji wa kuelekeza maji upande mwingine.

Kanisani wanauliza utambulisho. Jumuiya ya kanisa aliyosali marehemu huku Dar iandike barua, parokia au usharika uigonge muhuri, na nakala imfikie padri au mchungaji wa nyumbani siku mbili mapema kwa simu. Kama marehemu alikuwa na jambo la kanisa lisilokaa sawa, ndoa isiyobarikiwa au michango ya nyuma, lizungumzwe faraghani na mtu mzima wa familia mapema, lisije kuwakuta pale mlangoni.

Usafiri: anayekodisha basi aoneshe kibali cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, cha safari hiyo, na madereva wawe wawili kwa kila gari. Coaster hutumia lita moja kwa kilomita 6 au 7, kwa hiyo kwenda na kurudi, kilomita 1,120, ni lita 160 hadi 190 za dizeli. Kubalianeni kwa maandishi kama mafuta yamo kwenye bei. Gari la mwili litangulie na kibali cha mazishi kiwe humo, si kwenye basi lililobaki nyuma Korogwe. Wanaokwenda Marangu na Rombo wanachepuka Njia Panda ya Himo, kabla ya Moshi mjini. Dereva mgeni aambiwe hilo kabla ya safari, maana mtapita pale usiku.

Fedha zipite namba moja ya simu, yenye jina la mweka hazina, naye asiwe mjane wala mtoto wa marehemu. Kila jioni aweke kwenye grupu kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki. Malipo yafuate mpangilio: mochwari, jeneza, usafiri, kaburi, halafu chakula. Najua wengi watanuna, lakini sare, picha za video na mahema ya mapambo visubiri hivyo vitano vilipwe kwanza, na kama hela imeisha basi imeisha. Inanichoma kuona wajukuu waliovishwa fulana zenye picha ya bibi yao wakirudishwa shule mwezi unaofuata kwa sababu ya ada.

Kwa chakula, hesabu gramu 130 za mchele mkavu kwa kila mtu. Watu 300 ni kilo 40 za mchele, nyama yenye mifupa kilo 50 hadi 60, maharage kilo 20. Ongezeni robo, si maradufu. Maji ya kunywa ndiyo huisha kwanza, wala si wali.

Kuna mawili ya baada ya kuzika. Kifo kinatakiwa kisajiliwe ndani ya siku 30, na kinasajiliwa katika wilaya mtu alikofia, si alikozikwa. Aliyefia Ilala na kuzikwa Marangu, cheti chake kinafuatwa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, upande wa Ilala. Watu hupoteza likizo nzima wakizunguka ofisi za Moshi.

La pili ni kikao cha ukoo. Mkae kesho yake asubuhi, kabla mabasi hayajawashwa. Muhtasari wa kikao hicho ndio mahakama itakaoudai mtakapofungua mirathi: tarehe, waliohudhuria, majina ya warithi wote, na nani amependekezwa kuwa msimamizi. Uandikwe kwa mkono palepale na kila mtu aweke sahihi yake. Wiki mbili baadaye baba mdogo yuko Mwanza, shangazi karudi Tanga, na kila sahihi itagharimu nauli.