Kilo tano za mzee zimeliwa wapi?

Jedwali la korosho la chama kimoja cha ushirika huku Tandahimba nililitengeneza mimi, na nilijiona fundi kweli: mkulima mmoja, mstari mmoja, safu moja ya uzito. Kumbe! Jana kaja babu mmoja na risiti yake imekunjwa kwenye kofia. Mzani wa chama ulisema kilo 212. Ghala kuu wakapima 207, karani akafuta ile ya kwanza. "Mjukuu wangu, tano zangu kala nani?" Nikabaki naikodolea macho kompyuta. Haikumbuki kitu.

Korosho ikikauka hupungua, huku hata mtoto anajua. Ila babu hakuuliza hilo.

Usiku nimeivunja ile safu. Sasa kila kipimo kina mstari wake: nani kapima, mzani upi, siku gani, karatasi ipi. Hakuna kufuta, namba mbili zikipingana zinakaa zote. W3C, wale wanaoweka viwango vya wavuti, waliyapanga haya tangu 2013 kwenye PROV, kiwango chao cha kueleza data imetoka wapi: kitu, tendo, mhusika. Mimi nimefundishwa na risiti ya kofiani.

Karani kaninunia, eti nimemwongezea kazi. Kesho nampelekea babu vipimo vyote viwili.