Nilivyompata dula wangu
Nilipofikisha wiki ya 24 ya ujauzito nilianza kumtafuta dula, yaani msaidizi wa kukaa nami tangu uchungu unapoanza hadi mtoto azaliwe, ambaye hapimi wala hazalishi, kwani hiyo ni kazi ya mkunga. Uchambuzi wa mwaka 2017 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha tafiti za afya, uliojumuisha wanawake zaidi ya 15,000, ulikuwa umenishawishi kwamba kutoachwa peke yako hupunguza uwezekano wa kupasuliwa. Bei ndiyo iliyonitoa jasho. Wa tatu niliyezungumza naye, aliyekuwa bado mafunzoni na hivyo akitoza nafuu, alikubali nilipe kwa awamu. Pembeni mwa mkataba tuliongeza kwa kalamu nani angekuja iwapo yeye angeugua, jambo ambalo, nakiri, nilikuwa nimelisahau kabisa. Usiku wenyewe alikuja yeye, akanikandamiza kiuno kwa viganja hadi alfajiri.