Kikao cha Fedha za Kwanza

Zahanati yetu ilijengwa kwa matofali ya wananchi. Ilikuwa enzi za MMAM, ule Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi ulioanza 2007, uliotaka kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Watu wa kijiji kile cha mkoani Dodoma walifyatua tofali, wakachota maji, wakasomba mchanga, serikali ikamalizia kuezeka. Nilipohamishiwa pale kuwa mganga mfawidhi nilikuta jengo imara, kuta hazina hata ufa. Shida ilikuwa ndani ya kabati la dawa.

Kwenye ule upimaji wa ubora wa vituo vya afya kwa nyota wa mwaka 2015/16 tulipata sifuri. Hatukuwa peke yetu, maana kama theluthi moja ya vituo nchini iliambulia sifuri vilevile. Lakini sifuri ni sifuri, na wanakijiji waliisikia.

Nitaeleza jambo moja tu ili ieleweke tulikuwa tunaishije. Tulikuwa na sterilaiza, lile sufuria nene la kutakasia vifaa vya kuzalishia kwa mvuke, lenye mfuniko wa kukaza kwa vishikizo. Mpira wa mfuniko ulikauka, ukapasuka. Ukiliweka jikoni, mvuke unatoka upande mmoja kwa mluzi na presha haipandi. Muuguzi wetu alijaribu kukata tyubu ya baiskeli na kuibana mle, ikayeyuka na chumba kizima kikanuka. Ikabidi vifaa viloweshwe kwenye dawa ya klorini, kisha vichemshwe kwenye sufuria la kawaida juu ya mkaa, huku mama ana uchungu chumba cha pili. Mpira ule bei yake haifiki hata ya kuku wawili. Niliandika barua wilayani, nikajibiwa niuweke kwenye mpango wa mwaka ujao. Mwaka ujao ukafika, nikaandika tena.

Sikumlaumu mtu, na leo pia simlaumu. Mfumo ndivyo ulivyokuwa. Fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, ule uliochangiwa na wafadhili, ziliingia kwenye akaunti ya halmashauri, na zahanati zote za wilaya zilisubiri zinunuliwe vitu na watu walio mbali nazo. Mtu aliyeko ofisini mjini atajuaje kwamba huku shida ni kipande cha mpira?

Ndipo katika mwaka wa fedha 2017/18 serikali ikabadili njia. Fedha zile zikaanza kutoka Hazina moja kwa moja hadi akaunti ya kituo, hata kama kituo chenyewe ni zahanati ya vyumba vitano. Tulifundishwa mfumo wa hesabu wa vituo, tukaambiwa kamati ya usimamizi ndiyo itakayopitisha matumizi. Watumishi wengi tulikuwa na mashaka. Mwenzangu mmoja aliniambia waziwazi kwamba sisi matabibu tumesomea malaria, hatukusomea vocha.

Mwanzoni mwa 2018 nilipanda bodaboda kwenda benki mjini, nikaomba taarifa ya akaunti. Karani akanikabidhi karatasi moja. Zilikuwa zimeingia, zaidi kidogo ya milioni moja na nusu. Niliisoma mara mbili nikiwa nimesimama palepale dirishani, hadi mtu wa nyuma yangu akaniomba nimpishe.

Jumamosi iliyofuata, wagonjwa walipokwisha, nikaitisha kamati. Tulikaa kwenye mabenchi ya wagonjwa barazani. Mwenyekiti alikuwa mkulima wa alizeti, mimi nilikuwa katibu kwa nafasi yangu. Walikuwapo pia akina mama wawili, kijana mmoja, muuguzi wetu na mzee mmoja ambaye watu wote walimheshimu, nikiwamo mimi. Ile karatasi ya benki niliizungusha mkono kwa mkono. Mzee aliivalia miwani, akaifuata kwa kidole mstari kwa mstari.

Mwenyekiti akafungua kwa nguvu. Alitaka uzio. Mbuzi na mbwa walikuwa wanafika mpaka kwenye shimo la kondo la nyuma, na kweli lilikuwa jambo la aibu. Mama mmoja akamkatiza kwa adabu: "Mwenyekiti, uzio ni mzuri, lakini mimi nilimpeleka mkwe wangu kujifungua usiku, nikashika tochi ya simu mpaka mkono ukafa ganzi. Tuanze na taa." Muuguzi akasema mpira wa sterilaiza. Kijana akasema rangi ya ukuta, na hakuna aliyemjibu.

Mzee alikuwa kimya. Kisha akaingiza mkono mfuko wa koti, akatoa kadi ya CHF, ule Mfuko wa Afya ya Jamii ambao kaya inalipia kabla ya kuugua, kadi ile ya zamani, kingo zimechakaa na muda wake umekwisha siku nyingi. Akaiweka juu ya taarifa ya benki.

"Daktari mwanangu," akaniambia, "hii nilikata kwa hela ya mtama. Mjukuu akaugua, nikaja nayo hapa, nikaandikiwa karatasi niende duka la dawa. Nikalipa mara ya pili. Sasa hiyo hela iliyoingia itanipa dawa, au itanipa karatasi nyingine?"

Mpaka leo sijasikia mtu akiieleza shida ya mageuzi ya afya vizuri kuliko mzee yule. Uchangiaji wa gharama za matibabu ulianza mwaka 1993, CHF ikajaribiwa Igunga mwaka 1996, sheria yake ikatungwa 2001, na miaka yote hiyo tumekuwa tukiwahimiza watu walipie kabla ya kuugua. Naamini kabisa katika kulipia kabla ya kuugua. Bunge lilipopitisha sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023 nilifurahi kwa moyo wote. Lakini mkulima halipii kadi, analipia dawa. Akifika dirishani akaikosa, hutamwona tena mwaka wa pili, na jirani yake hutamwona hata wa kwanza.

Nikawaeleza utaratibu. Matumizi hayawezi kutoka nje ya mpango tuliokwisha kuupeleka. Dawa tunaagiza kwanza Bohari ya Dawa ya serikali, zitakazokosekana tunachukua kwa mshitiri, yule msambazaji mmoja aliyechaguliwa kwa mkoa mzima. Dodoma ndiko mfumo huo ulikoanzia mwaka 2014, kwa hiyo sisi tulikuwa tumeuzoea. Na kila shilingi iwe na karatasi yake.

Hapo mjadala ukawa mkali. Mwenyekiti alisema hatakubali kondo za wake zao ziliwe na mbwa wakati fedha zipo benki. Mama wa taa akasimama. Muuguzi akaja na leja ya dawa, akaanza kuwasomea: amoksilini ya watoto, hakuna, dawa ya minyoo, kopo moja, vidonge vya kuongeza damu kwa wajawazito, hakuna, glavu, boksi moja. Alisoma taratibu, ukurasa baada ya ukurasa, na kadiri alivyosoma ndivyo sauti zilivyoshuka.

Yule kijana wa rangi ndiye aliyetufungua. "Shimo tulizungushie miiba kwa msaragambo. Miiba hainunuliwi." Mwenyekiti alimtazama, akacheka, akasema Jumatano kila kaya itoe mtu mmoja. Tukakubaliana: sehemu kubwa iende kwenye dawa na glavu, mpira wa sterilaiza ununuliwe mara moja, na taa ya sola ya chumba cha kuzalishia iingie robo ya mwaka inayofuata. Mama aliridhia kwa sharti kwamba iandikwe kwenye muhtasari kwa jina la taa, isiandikwe "mahitaji mengineyo". Nikaandika taa.

Mzee naye alikuwa na sharti lake. Orodha ya vitu na bei zake ibandikwe kwenye ubao wa matangazo, palepale nje. Ilibandikwa. Wiki ile watu walisimama mbele yake na kuisoma kuliko tangazo lolote ninalolikumbuka. Wapo walioniuliza kwa nini amoksilini yetu ni rahisi kuliko ya dukani, na mmoja alitaka kujua kwa nini glavu ni ghali vile.

Mpira ulinunuliwa na mwenyekiti mwenyewe, kwa kuwa alikuwa anakwenda mjini kwa shughuli zake na nauli haikuwamo kwenye mpango. Nilimsisitizia risiti ya mashine. Alirudi nayo ameikunja ndani ya kofia. Muuguzi akaupachika, akakaza vishikizo, na mshale wa presha ukapanda mpaka kwenye alama nyekundu bila mvuke hata kidogo kuvuja.

Dawa zilichelewa kidogo, zikaja. Mjukuu wa mzee alipougua kifua alitoka na vidonge vyake dirishani. Wakati huo CHF iliyoboreshwa ilikuwa imeanza kutangazwa, shilingi 30,000 kwa kaya ya watu 6. Mzee akaniambia atakata akishauza alizeti, ila ana hoja.

"Sisi nyumbani tuko tisa. Hao watatu wakae nje?"

Nikamwambia hao watatu watakatiwa kadi nyingine, elfu thelathini nyingine.

"Basi andika kwamba nimeuliza," akasema. "Wajukuu niliachiwa na marehemu binti yangu, sikuwaagiza."

Niliandika. Ikawa ajenda ya kwanza ya kikao cha robo iliyofuata, kabla ya taa, na muhtasari ukapelekwa wilayani ukiwa na saini ya mwenyekiti na dole gumba la mama mmoja wa kamati aliyesema hata yeye kwake wako wanane.